Siku Tuliyomwambia Mheshimiwa Tumeshapoa

Alfajiri ya Jumanne, katikati ya mwezi wa nne, masika moja ya mwanzo wa miaka ya hamsini, mto ulipanda ukaingia kwetu Bondeni, ng'ambo ya Temeke. Uliporudi mahali pake ulikuwa umechukua karibu nyumba zote za upande wa chini, mbuzi, kuku, mihogo iliyokuwa bado ardhini, na mjomba wangu Kondo, aliyenifundisha kazi.

Naanza na hilo kwa sababu mmeniomba, nyie vijana mnaojifunza ujenzi, niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani. Mie nikianza kueleza kazi nafika kwa mjomba, na nikifika kwa mjomba nafika kwenye mafuriko. Bora nianzie huko.

Maji hayakumchukua, ingawa watu wa mbali husimulia hivyo. Aliangukiwa na ukuta. Nyumba ya udongo ikizingirwa na maji, unafungua mlango wa mbele na mlango wa uani ili yapite katikati. Ukiyafungia nje yanasukuma, na udongo ulioloa hausukumwi mara mbili. Mjomba alimtoa mkewe, Bi Zaituni, akampandisha kwenye mwinuko kwa Jumbe, mkubwa wetu pale, kisha akarudi kufungua mlango wa uani. Alikuwa sahihi kwa kila alichofanya. Alichelewa tu.

Sasa kazi yenyewe. Saruji ya Wazo mnayoichanganya nyie haikuwapo. Sisi tulikuwa na panga, shoka, kamba za makumbi na miguu. Udongo wa mfinyanzi unaumwagia maji, unatia majani makavu, halafu unaukanyaga mpaka unatoka kati ya vidole kama ugali. Mjomba alikuwa anauonja. Kweli kabisa, anauweka ulimini. Ukiwa na chumvi anautema na kusema, "Huu utakuja kulia." Ukuta wenye chumvi hutoa majimaji kila asubuhi na haukauki.

Na nyumba yetu ilianzia juu. Unachimbia nguzo, unapandisha makombamoyo ya kubebea paa, unaezeka makuti, ndipo unarudi chini kufunga fito na kukandika udongo. Kuta zinajengwa zikiwa tayari na kofia. Naona nyie mnajenga kuta, mnaziacha mwaka mzima zikinyeshewa mkitafuta mabati, na moyo unaniuma, ingawa najua tofali halijali.

Nyumba yangu ya kwanza kukandika peke yangu ilikuwa ya muuza kahawa mmoja wa Temeke. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikakandika nje na ndani siku moja, bila kuacha upande mmoja ukauke kwanza. Jioni mwenye nyumba akaja kuona, akafurahi, akauegemea ukuta ili asifie vizuri. Ukuta ukampokea. Alipoinuka, umbo la makalio yake lilikuwa limebaki palepale, mawili, yamekaa sawasawa. Mjomba aliitwa. Akatazama, akazunguka nyuma, akarudi.

"Selemani mwanangu," akasema, "hapa umejenga godoro."

Hakunipiga wala hakunifukuza. Kesho yake tulibomoa upande ule pamoja. Mpaka anakufa, akiniona nina haraka, alikuwa anasema tu, "Kahawa hiyo, kahawa," nami napunguza.

Zikaja nyumba za kuezekwa kwa madebe, yale ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Watu wenye kazi bandarini walizitaka sana. Mjomba alizijenga kwa sababu ndiyo riziki, lakini hakuzipenda. Alisema mvua ikinyesha juu ya makuti inakubembeleza, ikinyesha juu ya debe inakusimanga. Nimelala chini ya vyote viwili na sina la kumpinga.

Tulimzika Jumatano, kwenye mwinuko, maana makaburi ya zamani yalikuwa bado yana maji. Watani wakaja. Nyie mnaufahamu utani wa harusini, lakini wa msibani umepungua. Sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, na mtani mkubwa wa mjomba alikuwa Mihayo, kuli wa bandarini, mtu mpana aliyerudi kutoka vita ya Burma na sauti ya kuamrisha. Mwili ulipofikishwa kaburini, Mihayo alikuwa amekwisha lala mle ndani.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Mzaramo huyu kawajengea watu nyumba mjini kote zimesimama, ya kwake ndiyo ikamwangukia! Fundi gani huyo? Nirudishieni boriti zangu!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Shehe akageuza uso pembeni. Tukampa Mihayo kanzu ya marehemu, maana mtani hatoki kaburini bure, akatoka, akaivaa palepale juu ya matope, na yeye ndiye aliyechukua jembe na kufukia kuliko mtu yeyote. Sijaona mtu akimlilia mjomba kama yule.

Likabaki suala la Bi Zaituni. Mjane akiwa katika eda tunamwita kizuka. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nguo nyeupe, na mwanamume wa nje hamwoni. Anakaa katika nyumba ya mumewe. Lakini nyumba ya mumewe ilikuwa tope. Jumbe Mwinshehe akampa chumba cha nyuma nyumbani kwake, ambamo tayari walikuwamo wanawake wengine waliokosa makazi, watoto wao, na mbuzi waliookolewa.

Nilikwenda kumjulia hali. Nikakaa upande wa pili wa shuka lililotundikwa.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba ya Jumbe nzuri, Mungu ambariki. Lakini mbuzi wanaingia kunitazama kuliko walivyoingia waliokuja kunipa pole. Naona nakaa eda ya beberu."

Nikacheka, na yeye akacheka. Kisha akasogea karibu na shuka.

"Shehe kaniambia sina kosa, kwa kuwa nyumba imeanguka. Naelewa. Ila nataka nikae eda ya mume wangu chini ya paa nililojengewa, hata liwe la chumba kimoja. Mjengaji wake ndiyo hivyo tena. Umebaki wewe."

Basi nikawa na kazi moja tu duniani. Nilihitaji vitu viwili. Cha kwanza ni boriti. Mikoko ya pwani ilikuwa msitu wa serikali, na ukikamatwa na boriti bila ruhusa unalala ndani. Za kununua hatukuwa na uwezo nazo. Cha pili ni kiwanja. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa amekataza kujenga tena Bondeni, na ardhi tupu ya mwinukoni ilikuwa ya serikali. Siku za eda zilikuwa zinapita. Kizuka hangojei ofisi.

Ndipo tukasikia kwamba mjumbe mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria atakuja kuwatazama watu wa mafuriko. Mzungu, wakasema, na ana sauti kwa Gavana. Wazee wakakaa kwa Jumbe wakapanga. Mgeni atasalimia, tutaitika. Atatoa pole, tutaipokea. Atapewa dafu. Akishakunywa, Jumbe ataeleza shida, naye ataita fundi nieleze habari ya boriti na kiwanja. Huo ndio utaratibu wa kumpokea mtu, hata leo. Hakuna anayemrukia mgeni na shida kabla hajameza kitu.

Alikuja asubuhi katika gari jeusi. Mtu mnene, mwekundu kwa jua, ana uso wa wema, siwezi kusema vingine. Alifuatana na Bwana Shauri, aliyekuwa mgeni katika wilaya, askari mmoja, na mkalimani. Mkalimani alikuwa kijana wa bara, Mkristo, suruali imenyooshwa kwa pasi, Kiswahili chake kisafi cha shule. Sie tulikuwa tumejipanga na kanzu tulizoazimana. Mihayo na wenzake wa bandarini walikuwa nyuma.

Mheshimiwa akatazama kule chini, nguzo zimesimama bila kuta kama mbavu. Akavua kofia. Halafu, pasipo mkalimani, akasema kwa kinywa chake:

"Pole. Pole sana."

Mjue ilitugusa. Mzungu kujifunza neno hilo ndani ya gari ili aje atuambie sie! Tukaitika kwa sauti moja, wanaume na wanawake, kama tunavyoitika siku zote:

"Tumeshapoa, bwana!"

Mkalimani akasema maneno machache kwa Kiingereza. Uso wa Mheshimiwa ukafunguka. Akasema kwa kirefu, akitutazama kwa furaha, mkalimani akatugeuzia:

"Mheshimiwa amefurahi mno kusikia kwamba mmekwisha kupona. Alikuwa na wasiwasi juu yenu. Anawapongeza kwa kujisaidia wenyewe bila kungojea serikali. Sasa anawaaga, aende kwa wale ambao hali zao bado ni mbaya."

Tukapiga makofi.

Ndiyo, tulipiga makofi. Sauti ilikuwa ya kupongeza, na ukipongezwa unapiga makofi. Maneno yalitufikia baadaye, Mheshimiwa amekwisha geuka. Jumbe alibaki amesimama na dafu lililotobolewa mkononi.

"Jumbe, mkimbilie," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hatujapoa."

"Selemani, una akili? Mtu kavua kofia kanipa pole, nimfuate nimwambie sikuipokea? Baba yangu hakunilea hivyo."

Naye alikuwa na haki, kwa malezi yetu. Nikamwona mkewe Jumbe akigeuka kutazama kile chumba cha nyuma, kisha akanitazama mimi. Gari likawashwa.

Likaenda hatua chache, likazama. Njia yetu baada ya mafuriko ilikuwa ganda kavu juu ya uji. Magurudumu yakazunguka, yakazidi kujichimbia. Mihayo na makuli wenzake wakashuka wakasukuma, wanaitana na kuitikiana kama wanapandisha magunia melini. Tope likaruka. Mihayo akawa mweusi kutoka utosini mpaka miguuni. Mheshimiwa akatoa kichwa dirishani, akamwona, akaona haya.

"Pole!" akasema. "Pole sana!"

Mihayo akaacha kusukuma.

"Hatujapoa!"

Wanawake wakashika midomo. Jumbe akapaaza sauti, "Mihayo! Umeingiwa na nini wewe? Ndivyo anavyojibiwa mgeni?"

"Nyie ndio mna adabu, Jumbe. Mie mtani!" Akazunguka mbele ya gari, akajilaza chali katika tope, mikono kifuani. "Mie maiti ya Kondo! Hakuna kunipita! Mzungu kaja msibani mikono mitupu, sasa anataka kuondoka. Nizikeni kwanza! Nipeni nyumba ya mke wangu kwanza!"

Askari akashika kirungu. Bwana Shauri akafungua mlango, uso umebadilika, nadhani aliona ni fujo. Lakini watu walikuwa wanacheka, hata vikongwe, na kicheko kile kilimsimamisha askari. Mkalimani akateremka, akaja moja kwa moja kwangu kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Huyu ni mtani wenu?"

"Ndiyo."

"Hata kwetu wapo. Hufanya hivyo kukiwa na msiba. Kuna msiba hapa?"

"Tumo ndani yake, bwana karani."

"Lakini mmesema mmepoa."

"Kwetu ukipewa pole lazima useme umepoa. Ukisema hujapoa umemtukana aliyekupa. Ni kama hodi na karibu. Mtu akikuambia karibu, hajasema jikoni kwake kuna chakula."

Akashika paji la uso. "Eh, Mungu wangu," akasema, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni kinaungua. Simlaumu. Kwao, alinieleza baadaye, pole hujibiwa kwa asante, basi. Akaenda dirishani akaongea kwa muda mrefu. Mheshimiwa alisikiliza. Akatazama yule mtu aliyelala mbele ya gari lake. Kisha akafungua mlango akashuka, viatu vyake vizuri vikazama mpaka kwenye soksi.

Jumbe akamletea lile dafu. Akanywa. Basi shida zikaanza kusemwa kwa utaratibu wake, wote tumesimama topeni, na Mihayo bado kalala, maana maiti haiamki kwa kuona dafu. Nilipoitwa nilieleza boriti, nikaeleza kiwanja, nikaeleza habari ya kizuka. Sikuwahi kusema mbele ya wakubwa.

Mheshimiwa akauliza kama anaweza kumpa mjane pole. Jumbe akasema haonwi, lakini atasikia. Tukampeleka nyuma ya nyumba, akasimama nje ya kile chumba, kofia mkononi, akiutazama ukuta. Mihayo sasa alikuwa ameamka, anatiririka matope, akatutangulia akanong'ona kwa nguvu kupitia kijidirisha:

"Bi Zaituni! Mzungu anakuja kukupa pole. Nakuomba kwa haki ya Mungu, usije ukasema umepoa!"

"Niondolee balaa lako hapa," sauti ikajibu kutoka ndani.

Mheshimiwa akasema pole. Mbuzi mmoja akalia, watoto wakamnyamazisha. Nilikuwa naomba moyoni aseme neno lolote, lolote isipokuwa lile.

"Mwambieni nimeshapoa," akasema Bi Zaituni. "Na nyumba naitaka."

Sijui mkalimani aliligeuza vipi. Nilimwona akifungua mdomo, akafunga, akafikiri, ndipo akasema. Mheshimiwa aliinamisha kichwa kwa ukuta ule, kama mtu anavyoinamia mtu anayemwona.

Sasa niseme yaliyotokea, nisiongeze. Kabla ya mwezi kwisha mlinzi wa msitu alikuja mwenyewe akatuambia tuingie kwenye mikoko, tukate za kutosha nyumba zilizoanguka, akatuonyesha mwisho wa eneo. Hilo lilitimia. Habari ya kiwanja tuliambiwa itatazamwa. Sijui iliishia wapi. Mheshimiwa hatukumwona tena, na mkalimani alipita mara moja, kwa baiskeli, akanywa kahawa kwetu akacheka sana. Kiwanja cha Bi Zaituni alikitoa Jumbe, kipande cha shamba lake la mihogo. Hakusema kwa nini. Aliniita, akaning'olea mihogo yeye mwenyewe, akasema, "Hapa panatosha chumba na ukumbi?" Nikamwambia panatosha.

Tulikata boriti maji ya bahari yakiwa yametoka, mwezi ukiwa umekwisha, maana za mwezi mpevu huliwa na dumuzi. Makuli wa Mihayo wakazibeba begani baada ya kazi zao. Nilichimbia nguzo kina zaidi ya desturi. Nilionja udongo, mara ya kwanza peke yangu, nikatema wa sehemu mbili kabla ya kupata usiolia. Nikaezeka. Nikakandika nje, nikaacha ukauke. Mara nyingi nilijikuta nimesimama nikingoja mtu aje kutazama.

Bi Zaituni hakutaka kungoja. Ndani bado hakujakandikwa, fito zinaonekana, mlango bado uko kwa seremala. Wanawake wakaja wakamzunguka kwa kanga walizozinyanyua juu ya vichwa, zikawa kama chumba kinachotembea, wakamvusha mchana kweupe kutoka kwa Jumbe hadi shamba la mihogo, huku wanaimba. Wanaume tuligeukia upande wa pili. Mie nilikuwa juu ya paa namalizia kufunga mgongo, nikageukia baharini. Nilisikia nyayo, kisha wimbo ukaisha, wanawake wakaanza kutawanyika.

Nikashuka. Tulikuwa tumetundika mkeka mahali pa mlango.

"Selemani," akasema kutoka ndani.

"Naam, mkaza mjomba."

"Huku ndani bado."

"Kesho, inshallah. Nje kumalizike kukauka."

"Udongo upo?"

"Upo, umekwisha kanyagwa."

"Basi lete. Huku nitakandika mwenyewe."

Nikajaza karai. Nikalisukuma chini ya mkeka, bila kuinua macho. Nikamsikia akiupiga udongo ukutani kwa kiganja, donge baada ya donge, polepole. Baada ya muda mkono wake ukalirudisha karai tupu, nami nikaenda kujaza lingine.